Mwezi Tuliomficha Bibi

Siku moja kabla ya Ramadhani, bintiye Bibi alinivuta jikoni, akarudisha mlango, akaniomba niseme uongo. Aliniomba kwa adabu sana, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

"Mwaka huu mama asijue kuwa Ramadhani imeingia," alisema. "Akiuliza, mwambie mwezi haujaandama."

Nilikuwa muuguzi wa mamake, mwaka wa pili huo. Kila asubuhi nilipanda tuk-tuk kutoka Ganjoni, nikashuka pembeni mwa Mji wa Kale, nikamalizia vichochoro kwa miguu mpaka nyumba yao ya ghorofa, na jua likizama nilirudi kwangu. Nilimpima Bibi sukari, nikamdunga insulini, nikamwosha, nikamfunga kidonda cha mguu. Kusema uongo hakukuwamo katika kazi hizo, kwa hiyo nilimuuliza bintiye kwa nini asiseme yeye mwenyewe.

Akainamisha uso. "Sisi mwezi ukiandama twafunga, sista. Uongo waharibu saumu. Wewe hufungi."

Nilicheka. Nasema kweli, nilicheka. Mimi ni Mkristo; baba yangu alikuja kutoka bara kufanya kazi ya reli, nami nikazaliwa hapa kisiwani, nikala mahamri na futari za majirani Waislamu tangu sijamaliza kuota meno. Nimepewa mengi na watu wa Mombasa, lakini hiyo ilikuwa mara ya kwanza kupewa dhambi nimbebee mtu kwa sababu yeye ana ibada. Nilimtazama mwanamke huyu mcha Mungu, mwenye haya hata ya kupaza sauti, akiningoja kwa matumaini, na kichekesho cha jambo lenyewe kikanipumbaza. Nikamwambia haya, nitasema. Sikutumia hata dakika moja kufikiri.

Na alikuwa na sababu yake. Mwaka uliotangulia Bibi alifunga kwa nguvu. Daktari alikataa, mwanawe wa kiume alikataa, mimi nilisimama mlangoni na sindano mkononi nikakataa, na yeye akatusikiliza sote kwa upole, halafu akafunga. Siku ya saba sukari ilishuka, akaanguka akienda kutawadha. Bintiye ndiye aliyemkuta. "Nilimkuta mato yamegeuka juu," aliniambia mara nyingi, akionyesha kwa macho yake mwenyewe yalivyogeuka, "nikasema basi, mama ndiye huyo aenda." Tulimkimbiza hospitali, akapona, lakini bintiye hakupona. Mwaka mzima aliiogopa Ramadhani inayokuja. Sitaki msomaji amwone mbaya. Alikuwa mtoto anayemwogopea mamake, na mtu mwenye hofu hiyo hufanya mambo.

Bibi alikuwa mwalimu wa chuo. Chumba alichokuwa akilala ndicho alichosomeshea Kurani wasichana wa mtaa mzima, na wengine walikuja kumsalimia wakiwa nao ni mabibi. Sukari ilikuwa imemla macho, imemwachia mwanga na vivuli tu. Masikio nayo yalikuwa mazito; alisikia kwa kifaa kidogo kinachokaa ndani ya sikio, na kikitoka ilibidi umwekee mdomo pale pale upige kelele. Lakini akili! Nikimwambia daktari alisema hivi, alinirekebisha: hakusema hivyo, alisema hivi, na ilikuwa Jumanne, na wewe ulichelewa. Alinitania kila nilipomfunga kidonda. "Mkono wako mzito, mwanangu. Wafunga mguu wangu au wafunga gunia la karafuu?" Nami nilimjibu kwamba gunia halina kelele nyingi hivi. Alipenda kujibiwa. Watu walimnyenyekea mno, na nadhani alichoka kunyenyekewa.

Tangu mwezi wa Rajabu alikuwa na ombi moja tu, na aliniomba mimi.

"Mwezi wa Ramadhani ukiandama, n'ambia siku ile ile. Nataka niijue siku ya kwanza."

"Nitakwambia, Bibi."

Alilirudia karibu kila wiki, nami nikamwahidi karibu kila wiki. Hakusema anataka kuijua siku hiyo kwa nini, na mimi sikumuuliza. Hakuna mtu nyumbani aliyemuuliza. Sote tulidhani tunajua: mkaidi huyu anataka kufunga tena.

Kumficha mtu Ramadhani katika Mji wa Kale si mchezo. Mwaka huo kwao hakukuwa na vunjajungu, ile karamu ya siku za mwisho za Shaabani ambapo jamaa hukusanyika kula vizuri kabla ya mfungo. Bintiye aliwaambia ndugu kuwa mama hajisikii. Lakini misikiti je? Kipaza sauti cha msikiti wa karibu kilikuwa usawa wa dirisha lake. Sala ya tarawehe ingemfikia kitandani, na kelele za watoto kichochoroni baada ya futari, na salamu za Ramadhani za kila anayepita chini. Hapo ndipo nilipotoa mchango wangu mwenyewe, ambao hakuna aliyeniomba. Asubuhi ya mfungo wa kwanza, nilipokuwa nikikisafisha kile kifaa cha sikio, alichokuwa amevuliwa tangu jioni, niliitoa betri yake, ndogo kama punje ya dengu, nikaitia katika mfuko wa sare yangu. Kisha nikamwekea mdomo sikioni.

"Kifaa kimeharibika, Bibi. Nitakipeleka kwa fundi."

"Atakaa nacho sana?"

"Kidogo tu. Na mwezi haujaandama."

Mtu asiye na macho nilimwondolea na masikio, nikajiona mwerevu. Nilishuka ngazi siku hiyo nikifikiri jinsi nilivyowasaidia watu wale.

Kuna jambo moja hatukulifikiria, ambalo mtoto mdogo wa chuo angelifikiria. Mwezi wa Kiislamu hauzidi siku thelathini. Unaweza kumwambia mtu kwamba leo mwezi haukuonekana, akakubali. Kesho yake huwezi tena. Na Bibi alikuwa akihesabu. Siku ya pili ya mfungo alinishika mkono nikiwa nimeinama juu ya mguu wake.

"Jana Shaabani imetimia thelathini," alisema. "Hata wasiuone, leo Ramadhani imeingia. Mbona mwaninyamazia?"

Bintiye alikuwa amesimama mlangoni. Alinitazama, nami nikajua kwamba yeye hatafungua mdomo. Nilimwinamia Bibi, na uongo ukanitoka kwa urahisi ambao mpaka leo unanitisha. Nilimwambia amehesabu vibaya. Nilimkumbusha ile homa iliyomshika wiki tatu nyuma. Nikasema, "Ulikuwa ukilala na kuamka, Bibi, ukalala ukaamka. Kila usingizi umeuhesabu siku. Leo ni Shaabani kumi na tisa."

"Kila usingizi siku?"

"Ndiyo, Bibi."

Niliviona vidole vyake vikianza kuhesabu tena juu ya shuka, vikafika mahali vikasimama, vikarudi mwanzo. Alihesabu mpaka adhuhuri. Nilipomletea chakula alikuwa analia, bila sauti, machozi yakiingia masikioni kwa jinsi alivyolala.

"Mato yalipokwenda nilisema alhamdulillahi, masikio ningalinayo," alisema. "Sasa masikio nayo yamekwenda. Na akili nazo, mwanangu? Na akili nazo zaenda?"

Nilimpangusa uso. Nikamwambia, "Ni umri, Bibi. Ni kawaida."

Nimefanya makosa mengine katika kazi hii. Nimechelewesha dawa, nimemjibu vibaya mgonjwa siku ambayo nilikuwa na yangu. Hakuna ambalo ningetoa kiungo changu ili nilifute isipokuwa hilo. Mwanamke yule akili zake zilikuwa nzima kuliko zangu, na mimi nilimshika mkono kwa huruma nikamwambia zinamtoka, naye akaniamini kwa sababu nilikuwa muuguzi wake.

Baada ya hapo hakubishana tena. Tuliingia katika utaratibu. Bintiye alipika chakula cha mchana cha watu wawili, Bibi na mimi, kwa sababu nilikula pembeni yake asijione mpweke. Alikuwa akipika bila kuonja, akiniita mimi nionje chumvi. Bibi alisema hana hamu, akala kidogo kwa kutii, akauliza mbona bintiye hali nasi siku hizi. Nami nikamjibu: ameenda Marikiti kununua ndizi, ameenda Biashara Street kutazama leso, amelala, kichwa chamuuma. Bintiye alisikia yote pale mlangoni, midomo imemkauka kwa kiu, hakusema neno. Saumu yake ilikuwa salama.

Jumapili mimi huenda kanisani, na siku hiyo mwenzangu mmoja alinishikia kazi. Ilibidi naye ajue la kusema Bibi akimuuliza tarehe. Tulikuwa na faili ya mgonjwa, ile tunayoandika sukari ya asubuhi, hali ya kidonda, amekula nini, amelalaje. Nilikaa nayo Jumamosi ya kwanza nikitafuta maneno. Sikuweza kuandika kwamba tunamdanganya mgonjwa, mkono ulikataa. Nikaandika hivi: Mgonjwa amechanganyikiwa, hajui siku wala mwezi. Asibishiwe. Nikaweka tarehe na sahihi yangu. Uongo ulikuwa wetu, nami niliuandika kama ugonjwa wake.

Sheria ya jambo hili niliijua vizuri. Tulifundishwa kwamba mtu mzima mwenye akili timamu ndiye wa kuambiwa ukweli wa hali yake, na ndiye wa kukubali au kukataa, hata awe mzee wa namna gani, hata wanawe wawe kumi. Tulifundishwa pia kwamba kinachoandikwa katika faili ya mgonjwa ni ushahidi. Niliyajibu hayo kwenye mtihani, nikapita.

Kidonda kilibadilika katika siku hizo. Sijui kama ni huzuni, au ni kutokula vizuri, au kilikuwa kimeshaamua. Jumamosi ya pili kilikuwa na harufu nisiyoipenda, na vidole viwili vimekuwa vyeusi. Nilimpigia simu mwanawe wa kiume, ambaye kazi yake ni ya kutoa mizigo bandarini, nikamwambia kesho apelekwe hospitali bila kukosa. Jumapili asubuhi, nikiwa kanisani, yeye na mwenzangu walimteremsha Bibi ngazi kwenye kiti, wakampeleka, na faili ikaenda naye.

Yaliyotokea huko niliyapata kwa mwenzangu na kwa mama mmoja aliyelala kitanda cha pili. Walimpa kitanda wodini. Mchana aliletewa wali, akala. Magharibi yule mama wa kitanda cha pili, Mwislamu wa watu, alikuwa na tende zake za kufuturu. Alimwona bibi kipofu hana mtu karibu, akamtia tende moja katika kiganja, akamfunga vidole juu yake. Bibi akauliza ya nini. Yule mama akampigia kelele sikioni.

"Ya futari, Bibi! Leo kumi na moja Ramadhani!"

Mama huyo aliniambia hajapata kuona mtu akilia kwa tende. Alilia akasema amefichwa mwezi. Akasema amekula mchana, amekula wali, na kabla ya hapo amekula siku kumi, na watu wake mwenyewe ndio waliomlisha. Alitaka kuteremka kitandani, hakujua wapi kuna sakafu. Wauguzi wakamshika mikono. Ndipo daktari akaja, kijana, amechoka, mpole kwa maelezo yote, kumweleza kwamba mguu umeoza na uozo unapanda, na kwamba asubuhi lazima ukatwe chini ya goti.

Hakusikia maneno yote. Alisikia mguu, akasikia kukatwa. Na mwenzangu, aliyekuwapo, alinirudishia jibu lake neno kwa neno, kwa sababu hata yeye lilimkaa.

"Nisubirini. Niletewe kifaa changu cha sikio, nielezwe nisikie, nami nitawajibu."

Hilo ni jibu la mtu aliyechanganyikiwa? Lakini daktari alikuwa na bibi anayelia kwamba ameibiwa mwezi, na alikuwa na faili. Aliifungua. Hati yangu ni nzuri, inasomeka. Akasoma kwamba mgonjwa hajui siku wala mwezi, akaifunga, akamtafuta mwanawe. Mwanawe alikuwa ukumbini, amefuturu kwa maji tu, amejaa hofu. Alionyeshwa pa kutia sahihi, mahali patatu, akatia. Hakusoma. Nani husoma saa hiyo?

Jumatatu nilifika mapema, nimekichukua kifaa nyumbani kwao, betri nimeirudisha ndani. Kitanda kilikuwa kitupu, wameshamwingiza chumba cha upasuaji. Nilisimama pale na kile kifaa mkononi. Nilimtafuta daktari, nikamweleza yote, yote, mpaka vunjajungu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sista, mguu ule usingengoja."

"Najua. Lakini aliomba aelezwe."

"Na wewe uliandika hawezi kuelezwa."

Hakusema kwa ukali. Niliomba faili, nikaandika chini ya maneno yangu ya kwanza kwamba si kweli, kwamba mgonjwa alikuwa na akili timamu siku zote, kwamba tulimdanganya, na jina langu. Akaisoma, akanirudishia. Ilikuwa saa tatu asubuhi na mguu ulikuwa umeshakatwa.

Bibi alipozinduka vizuri, siku ya pili, nilimwekea kifaa sikioni nikamwambia mimi mwenyewe. Bintiye alikuwa kando, amejifunika uso kwa mtandio. Nilimwambia juu ya mwezi, juu ya betri, juu ya Shaabani kumi na tisa, juu ya nilichoandika. Nilitaka anitukane. Alisikiliza, mkono wake umelala juu ya shuka.

"Nani aliyewaambia nataka kufunga?" aliuliza.

Bintiye alishusha mtandio, akanitazama.

"Mwaka jana nilifunga nikakosea, na nilijua nimekosea. Mimi ndiye niliyewasomesha watu hukumu ya mgonjwa. Mgonjwa asiyetarajia kupona hafungi. Hulisha maskini mmoja kwa kila siku. Nilitaka kuijua siku ya kwanza nianze kutoa fidia. Na mtu wangu nilikwisha mchagua, yule mzee hamali akaaye kibarazani hapo chini." Alipumzika kidogo. "Mungu amenipa ruhusa nichague. Nyinyi mwaninyima."

Bintiye alianguka magotini, akalia akiushika mkono wa mamake. Bibi hakuuondoa mkono. Mimi nilikuwa nawaza jambo moja tu: kwamba siku zote kumi, mzee yule alikuwa amekaa chini ya dirisha letu, na sahani ya Bibi ingeteremshwa kwake kwa ngazi kumi na tano, na sote tungekuwa na amani. Ilihitaji swali moja. Bibi, wataka kuijua siku ya kwanza ya nini?

Nilimuuliza kuhusu mguu. Nilimuuliza kama angekubali.

"Sasa nijue vipi?" alisema. "Huenda ningelisema kateni. Sikuulizwa."

Alirudi nyumbani baada ya Idi. Nilitarajia kufukuzwa, na nadhani mwanawe alitaka, lakini Bibi alisema nibaki. Aliacha kunitania, basi. Nilimfunga jeraha kwa huu mkono wangu mzito naye akanyamaza kimya. Kila asubuhi alimuuliza bintiye leo siku gani na tarehe ngapi, halafu nikiingia akaniuliza na mimi, akalinganisha. Tukipatana aliitikia kwa kichwa. Sikuwahi kulalamika, ilikuwa haki yake, na afadhali aliuliza.

Ijumaa moja mwanawe alikuja baada ya sala, amebeba tikiti maji kubwa. Tulikuwa wote chumbani. Bibi alimwacha aketi, akamuuliza habari za kazi, za watoto, kisha akasema kwa sauti ile ile:

"Mguu wangu umeuzika wapi?"

Kiungo cha Mwislamu kikikatwa huzikwa. Watu wake huenda nacho, wakakifunga nguo safi, wakakitia ardhini kwa heshima, kwa kuwa ni sehemu ya mtu. Mojawapo ya zile sahihi tatu ilikuwa ya hilo: jamaa watauchukua, au wauache kwa hospitali. Mwanawe alitia sahihi pale kidole kilipomwonyesha. Nilipokwenda kuuliza, siku ile ile ya upasuaji, mhudumu aliniambia vyote vya asubuhi vimeshateremshwa kwenye tanuri. Nilimwambia mwanawe, mwanawe akamwambia dadake, na tangu hapo sote watatu tulikuwa tumekaa juu ya jambo hilo, kila mmoja akiomba Bibi asiulize.

Mwanawe alikuwa akilitazama tikiti maji lake. Bintiye ndiye aliyejibu, haraka, na sasa hakuwa na saumu.

"Kando ya kaburi la baba, mama. Tuliuvika nguo nyeupe, tukauzika karibu naye."

Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, uso wa Bibi uko mbele yangu. Niliuona ukilegea. Tangu tende ile ya hospitali uso wake ulikuwa umekazwa, na sasa ulifunguka, paji la uso, mashavu, mdomo, kila kitu. Alitoa pumzi ndefu. Alikaribia kutabasamu.

"Alhamdulillahi," alisema. Kisha akageuza kichwa upande wangu. "Sista. Ni kweli?"

Ndugu wawili wale walinitazama. Bintiye alikuwa akitikisa kichwa, akiniomba, mikono ameikutanisha kifuani. Ningeweza kusema ndiyo. Ningeweza kusema sikuwapo, nisiseme zaidi, na hilo lisingekuwa uongo.

"La, Bibi," nilisema. "Hatukuuzika. Hospitali iliuchoma."

"Nani alikuwapo?"

"Hakukuwa na mtu wetu."

Hakulia. Mkono wake uliteremka polepole juu ya shuka mpaka mahali ambapo shuka lilikuwa limelala tambarare, ukakaa hapo. Baada ya muda aliomba maji ya kutawadha, nikamletea, akasali hali amelala. Siku tisa baadaye alifariki, nyumbani, alfajiri, bintiye akimsomea. Daktari aliandika kwamba ni moyo.

Nilikwenda matangani, nikakaa mkekani na wanawake wengine. Bintiye alipita akisalimia wageni, akafika kwangu, akachuchumaa. Nilidhani atanipa mkono.

"Uongo huo mmoja, sista," alisema kwa sauti ya chini. "Huo mmoja ungelimwachia."

Aliinuka akaenda kwa mgeni mwingine, na hatujasemezana tena. Najua la kumjibu. Mamake aliniuliza swali akiwa na akili timamu, akitaka kujua habari ya mwili wake mwenyewe, na mimi nikamjibu. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa, na hivyo ndivyo nilivyopaswa kufanya tangu siku ya kwanza. Nimejieleza hayo mara nyingi sana nikiwa peke yangu. Lakini sijui kama kweli ile niliisema kwa ajili yake, au niliisema ili mimi nipate kulala. Niliuona uso wake ulivyolegea alipodhani mguu wake umelala kando ya mumewe, na mimi ndiye niliyeukaza tena, ukabaki hivyo mpaka tulipomfunika.